Spea Imeondoka Bila Sisi

Shemeji yangu kasharusha sauti kwenye grupu la kamati ya harusi, na ndani yake eti kuna kuku kagongwa. Hakukuwa na kuku! Pokeeni ya kweli, ingawa hainisaidii.

Mteremko wa Bugando, Mwanza. IST imeelekea chini, nyuma kaketi mama mkwe na sufuria la pilau ya sendofu. Tairi la nyuma kushoto likala msumari. Nilishuka nimefurahi, wadau, maana kazi hii naijua na mkwe anatazama.

Nikaanza somo, kwa sauti ya kufika dirishani. "Mama, shuka kwanza, jeki haipandishwi na mtu ndani." Akashuka na sufuria lake. Gia kwenye P, breki ya mkono juu. Ukiinua tairi la nyuma, breki hiyo inabaki na tairi moja tu, kwa hiyo nikaweka mawe mawili mbele ya matairi ya mbele. Spana ya 21, nati zote 4 nikazilegeza nusu mzunguko tairi likiwa bado chini, kwa sababu ukihangaika nazo gari likiwa juu, unaliangusha.

"Na spea, shemeji, hulazwa chini ya ubavu wa gari. Jeki ikiteleza, gari linatua juu yake, mguu wako unapona."

Muda huo spea yenyewe nimeisimamisha kwenye bampa. Gari lina mawe mawili. Spea haina hata kokoto.

Kwanza iliinama kidogo, kama mgeni anayeaga. Nikaiambia "we!" Ikageuka, ikaiona barabara. Spea ya IST ni nyembamba na hujazwa upepo 60, karibu mara mbili ya tairi la kawaida, kwa hiyo ni ngumu na inadunda. Ikapita kijiweni kwa bodaboda. Mmoja akainua mguu, ikapita chini yake, wenzake wakapiga makofi. (Kuizuia? Nani aizuie!) Ikafika kwenye tuta, ikapaa. Mimi nyuma, shati la sendofu, spana mkononi. Mtu akapiga kelele "Mwizi!" na hakuna aliyejua anasemwa nani kati yetu. Mbele, meza ya sato. Mama muuza akaangalia spea, akaniangalia mimi, akaokoa mwavuli.

Sato walienda mtaroni wote.

Mengine mafupi. Nimenunua sato wote. Spea nimeipandisha mgongoni, watoto nyuma wakiimba. Nikafunga nati kwa mkono, nikashusha jeki, nikazikaza kwa kukingamisha, tukaondoka taratibu, maana spea hiyo haitakiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa. Fundi tairi akaung'oa msumari kwa plaizi. Ulikuwa katikati ya kashata, pale tairi linapokanyaga barabara; ungekuwa ubavuni tairi lingetupwa. Akapekecha tundu, akasukuma utambi wenye gundi, akachomoa sindano kwa kishindo, akakata mkia, akajaza upepo 32, akapaka mate kuangalia mapovu. Hakuna povu. Akauliza kwa nini gari linanuka samaki. Shemeji akamweleza, na hapo ndipo kuku alipozaliwa.

Ukumbini mama mkwe aliniombea dua ndefu mbele ya watu. Breki imetajwa mara mbili.