Kabla ya kununua MGB, chungulia chini ya mlango

Mtu akisema anataka gari la michezo la zamani la Kiingereza, mara nyingi moyo wake uko kwenye Jaguar E-Type ya bei kubwa na mfuko wake uko kwenye MGB, gari la michezo la kampuni ya MG. Si jambo la aibu. Kiwanda cha Abingdon, karibu na Oxford, kilitoa MGB kuanzia 1962 hadi kilipofungwa mwaka 1980, na ukihesabu pamoja na zile za paa la chuma ziitwazo GT, zilizidi laki tano. Nyingi zilivuka bahari kwenda Marekani. Kwa hiyo si gari adimu, na wingi huo ndio unaozua ubishi. Wapo wanaosema ndilo gari la zamani ambalo mtu wa kipato cha kawaida Uingereza anaweza kulimiliki bila kufilisika. Wapo wanaosema linamfilisi vilevile, ila polepole, huku akitabasamu.

Wanaolisifu wana hoja nzito. Injini yake ni ya silinda nne, cc 1798, chuma kitupu, na kabureta mbili (vichanganyio vya petroli na hewa) za aina ya SU ambazo fundi mzoefu huziweka sawa kwa bisibisi na sikio. Ukifungua boneti, mkono unaingia kokote bila kung'oa nusu ya gari kwanza. Kazi inayokera ni klachi, maana hapo injini lazima itoke. Vipuri vipo karibu vyote. Hata bodi nzima mpya ipo: tangu 1988 kampuni ya British Motor Heritage imekuwa ikizitengeneza, kwa mashine na kalibu zilizookolewa kutoka enzi za kiwanda. Jaribu kutafuta bodi mpya ya gari la Kijapani la mwaka 1995 uone utakachojibiwa.

Serikali nayo imelegeza kamba. Gari lililopita miaka 40 huko Uingereza halilipi kodi ya barabara, na tangu 2018 halilazimiki kwenda kwenye ukaguzi wa kila mwaka wa MOT, ilimradi halijabadilishwa kupita kiasi. Hata London, inakotozwa ada ya magari yachafuayo hewa, magari hayo ya kihistoria yamesamehewa. MGB zote sasa zimeingia kwenye msamaha huo. (Msomaji wa Nairobi aliyeanza kuota kuisafirisha akumbuke kwamba Kenya inazuia magari ya mitumba yaliyozidi miaka minane.)

Lakini msamaha wa MOT ni kisu chenye makali pande mbili. Gari ambalo halijalazwa juu ya shimo la mkaguzi kwa miaka kadhaa ni gari ambalo hakuna aliyelitazama tumboni. Na ugonjwa wa MGB unaanzia tumboni.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo pesa inapopotelea. MGB haina chesisi ya kujitegemea. Bodi yenyewe ndiyo mifupa. Ile ya wazi haina paa la kuisaidia, kwa hiyo mzigo wote unabebwa na maboksi ya chuma yanayopita chini ya milango, kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma. Maboksi hayo yana tabaka kadhaa, na maji yakishaingia ndani hayana haraka ya kutoka. Kutu inakula kutoka ndani huku nje rangi inang'aa. Muuzaji mjanja anachomelea bati jipya juu ya lililooza, anapaka pati (rojo ya kuziba mashimo), anapiga rangi nyekundu, na wewe unauziwa mbuzi kwenye gunia. Dawa yake ni vitu viwili vya bei ndogo. Sumaku iliyofungwa kitambaa haishiki penye pati nyingi. Jeki nayo ni shahidi mzuri: inua gari taratibu huku ukitazama uwazi wa nyuma ya mlango. Uwazi ukibana, au mlango ukikataa kufunguka, mifupa imekwisha.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaomshauri mwanzilishi anunue iliyochakaa kwa bei ya kutupa kisha aifufue. Rahisi huvunja upishi. Injini mbovu si msiba, inajengwa upya mezani. Bodi mbovu ina mafundi wa kuchomelea na kupaka rangi wanaolipwa kwa saa, na saa hizo hazihesabiki mapema. Gharama ikizidi thamani ya gari, hakuna wa kukurudishia. Afadhali ununue kwa yule aliyekwisha kula hasara hiyo na ana faili la risiti na picha za kazi kuthibitisha. Najua kuna utamu wa kuijenga mwenyewe gereji usiku, na anayeutaka huo anajua anachokifuata. Ila huyo ananunua kazi, gari ni ziada.

Umeme wa Lucas, kampuni iliyotengeneza vifaa vya umeme vya gari hili, umetaniwa kwa ubovu kuliko unavyostahili. Waya zikiwa safi na viungo vikiwa vimekaza, taa zinawaka. Jambo la kuangalia ni zile zilizotengenezwa kabla ya mwisho wa 1967: waya wa chanya wa betri ndio uliofungwa kwenye bodi, kinyume cha ulichozoea, na redio ya kisasa ikiunganishwa bila kujua inaungua. Petroli pia ina mtego. Tangu 2021 petroli ya kawaida Uingereza ina ethanoli hadi asilimia 10, inayokula mipira ya zamani, hivyo itakubidi ununue ile ya daraja la juu.

Hoja ngumu zaidi kwangu ni ya wale wanaouliza: kwa nini usinunue Mazda MX-5? Ilitoka 1989 ikiwa na raha ileile ya viti viwili na paa la turubai, na inawaka kila asubuhi. Kwa hoja za akili pekee, wameshinda. Pia MGB haina mfuko wa hewa, na gari dogo la familia la leo linaiacha kwenye taa za barabarani. Anayetaka chombo cha kwendea kazini aishie hapo.

Kwa aliyebaki, ushauri wangu utawaudhi wapenzi wa bampa za kromi: tazama za bampa nyeusi za mpira, zilizoanza mwishoni mwa 1974. Ziliinuliwa kidogo kufuata sheria za Marekani, zinayumba zaidi kwenye kona, na sura yake haisifiwi. Lakini zinauzwa nafuu kuliko za kromi, na tofauti hiyo inakupa bodi yenye afya zaidi kwa pesa ileile.

Kuikagua nenda asubuhi, injini ikiwa baridi, maana iliyopata moto huficha shida za kuwaka. Ukikuta muuzaji ameshaiwasha kabla hujafika, muulize kwa nini.