Kupiga makofi nyuma ya mtoto si kipimo

Mama mwenye mtoto wa mwaka mmoja na nusu asiyegeuka akiitwa asikubali kuambiwa "subiri, ataongea tu". Na yale makofi ya nyuma ya kisogo, ya kujaribu kama anasikia, yanadanganya: mtoto anahisi upepo au anaona kivuli, anageuka, nyumba nzima inashusha pumzi.

Kliniki ya masikio, pua na koo itaanza kwa kuangalia nta na kiwambo (ngozi nyembamba ndani ya sikio), kisha itapima mgandamizo wa sikio la kati, lililo nyuma ya kiwambo. Majimaji nyuma ya kiwambo hushusha usikivu, ila mara nyingi huisha yenyewe ndani ya miezi 3. Yasipoisha, arudi.

Kipimo cha OAE, kinachoangalia sikio la ndani linavyoitikia sauti, ni cha dakika chache tu, kijidude laini sikioni. Tatizo ni kwamba hakifiki kwenye mshipa wa fahamu wa kusikia. Kama mtoto alipata manjano kali alipozaliwa, au alikuwa njiti, kufaulu OAE hakutoshi. Mama aombe ABR, kipimo kinachofuata sauti kwenye mshipa huo kuelekea ubongoni, kile cha vibandiko kwenye paji la uso na nyuma ya masikio. Hapo mtoto lazima alale, kwa hiyo asimwache asinzie kwenye daladala. Amfikishe na usingizi wake, amnyonyeshe palepale (kama atapewa dawa ya usingizi, afuate masharti ya kutokula).

Atoke na karatasi yenye desibeli za kila sikio, yaani ukubwa wa sauti ambayo mtoto anaanza kuisikia. "Anasikia kidogo" si majibu.

Mtoto akipewa shimesikio, kifaa cha kumsaidia kusikia, na kikaanza kupiga mluzi, mara nyingi kile kipande cha sikioni kimeshakuwa kidogo. Kipande hicho kibadilishwe; mama asivue kifaa na kukiweka kabatini.