Daladala zigeuzie pembeni au zipite katikati ya jiji?

Kila foleni ya jioni inapozidi kati ya Posta na Mnazi Mmoja, hurudi hoja ileile: daladala ziondolewe katikati ya Dar es Salaam, ziishie pembeni, na abiria wamalizie safari kwa mwendokasi, yaani mabasi yaendayo haraka, au kwa miguu. Hoja hiyo ina uzito, na wanaoitetea hawastahili kuitwa maadui wa wanyonge. Mitaa kama Samora na ile inayoikata ilipimwa wakati mji ukiwa mdogo. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 5.3 mkoani, na wengi wao wana shughuli katika eneo finyu lenye mabenki, ofisi, pantoni ya Kigamboni na sasa stesheni ya reli ya kisasa, huku upande mmoja ukizuiwa na bahari.

Watetezi hao wana mfano wa kuonyesha. Mwendokasi ilipoanza Mei 2016 kati ya Kimara, Morocco, Gerezani na Kivukoni, daladala za Barabara ya Morogoro zilihamishiwa ruti nyingine, na basi lenye njia yake lilianza kupita Fire, DIT na Kisutu bila kujali foleni iliyo pembeni yake. Hata hivyo, mfano huohuo unawafaa wapinzani wao. Mvua kubwa zikijaza Bonde la Msimbazi na barabara ya Jangwani, wanakopita mabasi hayo, ikafungwa, abiria aliyezoeshwa njia moja hubaki bila ya pili. Aidha, anayeshushwa pembeni na kupanda gari jingine hulipa nauli mbili kwa safari ambayo jana ilikuwa moja. Mgonjwa anayehudhuria matibabu katika Taasisi ya Saratani Ocean Road naye akishushwa Kivukoni bado ana mwendo mrefu wa kufuata ufukwe, mwendo usiomfaa mtu aliyetoka kupigwa mionzi.

Ninaona pande zote mbili zinabishana kuhusu idadi ya magari, wakati kinachokula barabara ni muda yanaosimama. Tazama kituo chochote cha mjini saa kumi na moja jioni. Daladala inaingia na kukuta nafasi ya mbele imekaliwa na bajaji, ya nyuma na gari dogo lililoegeshwa, dereva anasimama njia ya pili, konda anaruka chini na kuita "Mwenge, Mwenge!", na abiria wanapenya katikati ya magari kuifuata. Wakishapanda, gari haliondoki. Dereva ana hesabu, yaani kiasi cha fedha cha kila siku, ya kumpelekea tajiri mwenye gari usiku, kwa hiyo anasubiri lijae, na aliye nyuma yake, mwenye deni kama hilo, anasubiri pia. Kuwalaumu kwa ukorofi ni rahisi, lakini mfumo wa malipo ndio unaowafundisha kukaa. Posta imegeuka maegesho kwa sababu ndipo ruti zinapogeuzia.

Ndiyo maana ninaelekea kwenye suluhisho linalosemwa kwa nadra: daladala zipite mjini, zisigeuzie mjini. Gari linalotoka Mbagala lishushe na kupakia Posta, kisha liendelee hadi Mwenge, na kusubiri kokote kufanyike kwenye miisho hiyo miwili, ambako nafasi haigombaniwi kama mjini. Abiria wa kusini anayefanya kazi kaskazini angeepuka kuteremka, kuvuka barabara na kulipa tena.

Pingamizi dhidi ya wazo hili ni zito. Ruti ndefu hubeba ucheleweshaji wake kutoka upande mmoja wa jiji hadi mwingine, na tayari kukatisha ruti ni ugonjwa sugu: dereva akiona foleni mbele, huwashusha watu njiani na kugeuza. LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini, huandika ruti kwenye leseni na kutoza faini wanaoikiuka, lakini faini inayoangukia mara mojamoja hushindwa na hesabu inayodaiwa kila usiku. Bila dereva kulipwa mshahara, ruti ya kupita mjini itakuwa ndefu kwenye karatasi na fupi barabarani. Mmiliki mwenye gari moja, tena la mkopo, ana haki ya kuuliza mshahara huo utatoka wapi siku gari likiwa gereji, na sioni jibu jepesi nje ya wamiliki kuungana katika kampuni au ushirika wenye magari ya kutosha kufidiana.

Kuhusu mahali pa vituo, kanuni ya kuviweka baada ya makutano badala ya kabla yake ni nzuri, kwani basi lililosimama mbele ya taa huzuia wanaokata kona na mara nyingi hukosa kijani chake lenyewe. Lakini Mnazi Mmoja, ambako watu hufika na mizigo kutoka Kariakoo, kukisogeza kituo mbele kunamaanisha mtu avuke barabara akiwa na furushi kichwani, naye atasimamisha daladala pale palepale pa zamani, pawe na kibao au pasiwe. Hapo ningekiacha kituo kilipo, niondoe magari yaliyoegeshwa, na nianze na kivuli na njia ya miguu. Ruti ya Mbagala hadi Mwenge ingejaribiwa kwanza peke yake, kwa madereva wa mshahara na tiketi moja inayokubalika pia kwenye mwendokasi, kabla ya stendi yoyote ya Posta kufungwa.