Mti Mgonjwa Uani: Halmashauri Iwe na Amri ya Kuukata?

Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) ya mwaka 1982 inaziruhusu halmashauri kama za Jiji la Mwanza na Manispaa ya Ilemela kutunga sheria ndogo. Swali linalostahili kujadiliwa ni iwapo ruhusa hiyo itumike kudhibiti magonjwa ya miti ya kivuli.

Mwaka 1930, ugonjwa wa kuvu unaoua miti ya elmi uligunduliwa katika jimbo la Ohio, Marekani, ukiwa umeingia na magogo yaliyoagizwa kutoka Ulaya. Kwa kuwa kuvu hao hubebwa na mbawakawa wanaozaliana chini ya magome, na pia hupita katika mizizi ya miti jirani iliyoungana, mitaa iliyopandwa elmi tupu ilipoteza kivuli chake. Miji mingi ya huko ikaweka kanuni kali: mkaguzi huingia uani na kuutia alama mti mgonjwa, mwenye nyumba hupewa siku chache za kuukata, na akikaidi, mji huukata na kumdai gharama. Hoja yao ni nzito, kwani anayeuacha mti wake ufe polepole huwaponza majirani ambao hawakuulizwa.

Hata hivyo, mwarobaini unaokauka ncha pale Kirumba huenda hauna ugonjwa wowote wa kuambukiza. Mara nyingi mizizi imekatwa na wachimba mitaro, shina limezungushiwa saruji hadi maji hayapenyi, au gome limechunwa mno kwa ajili ya dawa. Afisa anayetazama majani ya njano kutoka barabarani hawezi kutofautisha, na chini ya mti huo yuko mama lishe anayetegemea kivuli chake. Ndiyo maana napinga amri ya kukata itolewe kabla sampuli haijathibitishwa na wataalamu wa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Wala si kila janga huzuiwa kwa shoka; vidukari wa misaiprasi, walioonekana Malawi mwaka 1986 kisha wakaenea Afrika Mashariki, walikabiliwa kwa kuachilia nyigu wadogo wanaowaua.

Ninaloliunga mkono bila kusita ni udhibiti wa magogo. Kwetu mti ukikatwa asubuhi, jioni ni kuni za kupikia na kukaushia samaki, na gogo lenye gome likipakiwa kwenye boti la Ukerewe linaweza kuwavusha wadudu kwa siku moja umbali ambao wasingeuvuka wenyewe. Magome ya mti uliothibitika kuugua yachunwe na kuchomwa palepale, kuni abaki nazo mwenyewe, na pasiwe na ushuru wowote, maana hofu ya wachuuzi kwamba kila kanuni mpya huzaa kizuizi kipya ina msingi.

Gharama nayo ni kikwazo. Kuangusha mwembe uliobanwa na mawe na mapaa ya nyumba za mlimani Mabatini, ambako gari halifiki, kunahitaji mafundi wenye kamba na malipo ya maana. Halmashauri isipochangia, mwenye nyumba atanyamaza ili asitozwe, na ugonjwa utagunduliwa ukiwa umeshafika kwa jirani.