Kikombe cha DEC ni chako, ila mchoro ulio kwenye kikombe je?

Chukulia una kikombe cha kahawa kabatini, kimeandikwa digital kwa herufi ndogo, herufi saba na kila moja imekaa kwenye kiboksi chake. Anayejua historia ya kompyuta hahitaji kuambiwa, hiyo ni Digital Equipment Corporation, DEC kwa kifupi, kampuni ambayo Ken Olsen na Harlan Anderson waliianzisha 1957 ndani ya kiwanda cha zamani cha sufu pale Maynard, Massachusetts, ikakua hadi kuajiri zaidi ya watu 100,000. Leo haipo. Compaq waliinunua 1998, mwaka 2002 Compaq nao wakamezwa na HP, halafu 2015 HP yenyewe ikagawanyika vipande viwili. Kilichobaki kimetawanyika kwenye magaraji ya wastaafu huko Marekani: beji za kazini, tisheti, brosha, vitabu vya maelekezo, picha za sherehe za ofisini, na wenyewe ndo hivyo wanazeeka. Sasa swali ni kwamba hivi vitu vipigwe picha viwekwe kwenye hifadhi ya wazi kama Wikimedia Commons, ambako mtu yeyote duniani anachukua picha na kuitumia hata kibiashara, au viachwe tu vilipo?

Wanaosema viwekwe wana mfano mmoja unaouma. Paul Allen, yule aliyeanzisha Microsoft na Bill Gates, alifungua makumbusho ya kompyuta pale Seattle mwaka 2012, na mashine za DEC zilikuwepo zinawaka kabisa, mgeni anaruhusiwa kukaa na kuandika. Allen akafariki 2018, ikaja korona 2020 milango ikafungwa na haikufunguka tena, na 2024 baadhi ya vitu vikapelekwa mnadani Christie's. Apple-1, kompyuta ya kwanza ya kampuni ya Apple, iliyowahi kukaa ofisini kwa mwanzilishi wake Steve Jobs, ikaondoka kwa dola 945,000. Yaani hata makumbusho ya tajiri sio mahali salama kihivyo, kitu kikishanunuliwa kinaingia chumbani kwa mtu na ndo basi, hukioni tena. Picha nzuri iliyowekwa kwa leseni huru inabaki, watu wanaikopi, inasambaa, haifi na mwenye nayo.

Halafu kuna sisi ambao hizi mashine hatukuzikuta. Tanzania ilipiga marufuku kuingiza kompyuta mwaka 1974, kwa hiyo ukitaka kuijua PDP-8/E, moja ya kompyuta za DEC, ukiwa Dar unaijulia kwenye picha. Na picha ikiwa kubwa na safi inafundisha kweli, ukiivuta karibu unaona swichi 12 za mbele zimepangwa rangi ya chungwa na njano, rangi inabadilika kila baada ya swichi tatu. Unaweza kudhani ni urembo, kumbe watu wa enzi hizo walisoma namba kwa kundi la biti (zile 0 na 1 za kompyuta) tatutatu, rangi ilikuwa inawasaidia wasipotee wakati wanaingiza maagizo kwa vidole. Picha ndogo ya kuungaunga haikuonyeshi hayo.

Haya, upande wa pili. Hoja yao ni kwamba kumiliki kitu sio kumiliki haki ya kilichochorwa au kuandikwa juu yake, na hapa wengi wenye moyo mzuri wanajikwaa. Kikombe kama chombo hakina shida, piga picha yako weka leseni yako. Neno digital kwenye viboksi nalo ni herufi tu, sheria ya hakimiliki ya Marekani hailindi vitu rahisi namna hiyo (alama ya biashara ni jambo lingine, usiende kuuza vikombe ukijifanya wewe ndo DEC). Ila tisheti yenye katuni iliyochorwa na mtu, hapo picha yako imebeba kazi ya mwingine, na kuandika "nimepiga mwenyewe" hakubadilishi kitu.

Karatasi ndo zina mambo. Brosha iliyotolewa Marekani kabla ya 1978 bila alama ya hakimiliki (©) ni mali ya umma, yaani haina tena mwenye haki, ruksa. Kuanzia 1978 hadi mwisho wa Februari 1989 isiyo na alama inategemea kama ilisajiliwa ndani ya miaka mitano. Sasa kitabu cha 1970 chenye ©, jina la kampuni na mwaka, kinalindwa miaka 95, yaani hadi 2065 inaisha. Na picha ya ofisini ambayo haikuwahi kuchapishwa popote, kama ilipigwa na mpigapicha wa kampuni akiwa kazini inaweza kulindwa miaka 120 tangu ilipopigwa, ambayo kwa maoni yangu ni uchizi, lakini ndo sheria.

Mtu atasema kampuni imekufa, nani atashtaki? Kwa kweli sidhani HP wana muda na kikombe chako. Lakini Wikimedia Commons wenyewe wana msimamo kwamba "mwenyewe hatajali" sio sababu, faili likiwa na utata linafutwa, na likifutwa linaondoka na maelezo uliyokaa usiku kucha ukiyaandika. Hiyo hasara naiona kubwa kuliko kesi ambayo haitakuja.

Mimi niko upande wa kuweka, ila sio kumwaga boksi zima kwa siku moja. Mashine, vikombe na beji tupu ziende leo. Brosha igeuze kwanza, angalia kurasa za mwanzo na kava la nyuma, na hiyo kurasa isiyo na alama iskani nayo uiweke maana ndo ushahidi wako. Beji yenye sura na jina la mtu mimi nisingeiweka bila kumuuliza mwenyewe au familia yake, sheria iseme isiseme, kwa sababu leseni huru ukishaitoa hairudi, na yule mama aliyekuwa anaunganisha nyaya pale Maynard hakukubali uso wake uje kuwa kava la tangazo la mtu. Kuna na wakusanyaji wa vitu vya zamani wanaoogopa picha hizi zitaongeza feki, hao siwaelewi sana, mtengeneza feki anayetaka beji anaipata mnadani tu.

Na kile kitabu cha 1970 kiskani hivyohivyo kwa ubora wote, weka nakala kwenye diski mbili nyumba mbili tofauti, na juu ya boksi uandike Januari 2066, wajukuu watajua cha kufanya.