Saa mbili ya nani? Neno kwa madogo mnaoanza kazi ya seva

Kuna dogo mmoja alikuja ofisini kwetu hapa Mbeya kufanya fildi, katokea Iringa, kijana mpole, anaandika skripti vizuri kuliko mimi nilivyokuwa umri wake. Wiki ya pili tu bosi akampa kazi, akamwambia bakapu ya seva iwe inaanza saa mbili usiku, maana mlinzi anazima swichi kubwa saa nne na hatutaki ikatikie njiani. Dogo akasema sawa bosi, akafungua crontab, ile orodha ambayo programu ya cron huisoma ili ianzishe kazi kwa saa zake, akaandika `0 2 * * *`, akaenda zake Mwanjelwa kula chipsi.

Umeshaona kosa? Kama hujaliona basi kaa hapa tuongee.

Saa mbili usiku yetu sisi, kwa mashine ni 20. Ile 2 aliyoandika ni saa nane ya usiku, muda ambao seva iko gizani tangu saa nne. Wiki nzima hakuna bakapu na hakuna aliyejua. Nilipomwonyesha akacheka kwa aibu, akabadilisha ikawa `0 20`, tukajua yameisha, kumbe wapi. Seva ilikuwa inasoma saa ya UTC, ile saa ya kimataifa, ambayo iko nyuma yetu kwa masaa 3, kwa hiyo 20 yake ni saa tano usiku ya kwetu na swichi imeshashushwa. Tukapiga `timedatectl`, tukaweka Africa/Dar_es_Salaam, tukaiwasha upya na cron yenyewe maana huwa inaendelea na saa ya zamani mpaka uiamshe. Siku hiyo ikaamka kweli saa mbili kamili, ikafa hapo hapo, kwa sababu skripti ilikuwa inaita programu iliyoko /usr/local/bin na cron haina ile PATH (orodha ya mahali mashine inapotafuta programu) uliyoizoea ukiwa umeingia mwenyewe, kwenye Debian, aina mojawapo ya Linux, yenyewe inatembea na /usr/bin na /bin, basi. Na malalamiko yake yote ilikuwa inayatuma kwenye barua ya ndani ya seva ambayo hakuna mtu anayeifungua.

Makosa matatu kwenye mstari mmoja. Na simcheki dogo, maana mimi ndo niliyepita nikaangalia nikasema safi.

Sasa kinachoniuma ni kwamba yale makosa karibu yote yameandikwa ndani ya hiyo hiyo mashine. Ukipiga `man 5 crontab`, yaani kuufungua mwongozo uliomo ndani ya mashine, unakuta saa ni 0 mpaka 23, unakuta habari ya PATH, unakuta hata kwamba alama ya % ukiiandika kwenye crontab bila mkwaju wa kinyume (`\`) mbele yake inageuzwa kuwa mstari mpya, kwa hiyo ule mtindo wenu wa kuweka `date +%F` kwenye jina la faili la bakapu unafanya kazi ukiandika kwa mkono halafu unagoma usiku peke yake, na utatafuta mchawi mpaka uchoke.

Madogo wengi ninaokutana nao wanaingia kazi hii kwa njia ya video. Bando la usiku, masaa 6 ya mtu anaongea, asubuhi hakumbuki kitu ila anakumbuka sauti ya jamaa. Sisemi video ni mbaya, mimi mwenyewe nimejifunza mambo kadhaa huko, ila unalipa bando kutafuta kitu ambacho umekikalia. Mwongozo wa kwanza wa Unix, mfumo ambao Linux imeufuata, ulitoka Novemba 1971 kule Bell Labs na tangu toleo hilo la kwanza ulikuwa na sehemu inaitwa BUGS, yaani wenyewe waliotengeneza wanakiri kabisa hapa pana kasoro, jihadhari. Mafundi wangapi wa siku hizi wanakwambia hivo?

Najua mtasema man ni ngumu, Kiingereza chake kikavu kama mahindi ya mwaka jana. Kweli. Ila hausomwi kama hadithi toka juu hadi chini. Mimi nasoma hivi: naangalia SYNOPSIS nione umbo la amri, kilicho ndani ya mabano ya mraba ni hiari, kisicho na mabano ni lazima, halafu naruka moja kwa moja hadi chini kutafuta EXAMPLES, kisha narudi katikati kutafuta ile herufi moja ninayoitaka kwa kubonyeza mkwaju (`/`) na kuiandika. Na ujue namba zake: 1 ni amri za kila mtu, 5 ni muundo wa mafaili, 8 ni mambo ya admini. Ndo maana `man crontab` na `man 5 crontab` ni vitu viwili tofauti, na dogo wetu alikuwa ameusoma ule wa kwanza, kwa hiyo alisoma, ila alisoma mlango usio wake. Kama hujui hata jina la amri unayoitaka, `man -k` na neno moja, inakuletea orodha.

Kusoma kwenyewe siyo man tu. Kuna usiku mmoja wa Julai, nyie mnaijua baridi ya Uyole mwezi wa 7, niko chini ya mablanketi mawili, simu inaita. Kaka, seva imekufa. Nikamuuliza inasemaje? Akasema inaandika maneno mengi. Nikamwambia nisomee. Akanisomea moja moja mpaka akafika "No space left on device", akanyamaza. Akasema, aah, kaka, imejaa.

Sawa, imejaa, tafuta kilichojaza. Akakuta logi moja ina GB 9, akaipiga `rm`, akapiga `df -h` kuangalia nafasi ya diski, bado 100%. Hapo ndo akachanganyikiwa kabisa, na hapa naomba nikae kidogo maana hiki kitu kinawasumbua hata watu wa miaka mitano kazini. Kwenye Unix jina la faili na faili lenyewe ni vitu viwili. `rm` inafuta jina. Ni kama gesti: ukifuta jina la mgeni kwenye daftari la mapokezi haina maana mgeni ameondoka, bado kalala chumba namba 4 na funguo anayo, na chumba huwezi kumpa mwingine mpaka atoke mwenyewe. Programu iliyokuwa inaandika ile logi bado imeishikilia, kwa hiyo nafasi hairudi. `lsof +L1` inakuonyesha wageni wote waliofutwa kwenye daftari na bado wamelala. Ukiiwasha upya hiyo programu, nafasi inarudi yote. Siku nyingine usifute, punguza faili liwe sifuri kwa `truncate -s 0`, na baada ya hapo kaa chini uipange logrotate, programu ya kuzungusha na kufuta logi za zamani, kama mtu mzima, usisubiri mwezi ujao tuamshane tena.

Na ukikuta `df -h` inasema nafasi ipo tele lakini bado inalia imejaa, piga `df -i`. Hapo zimeisha inode, zile nafasi za kusajili mafaili, kila faili hutumia moja, yaani kuna mahali kuna vifaili vidogo vidogo maelfu kwa maelfu. Hiyo tuishie hapo.

Msidhani mimi niko salama. Miaka hiyo niko mbichi nilikuwa nasimamia seva moja iko Tunduma, mimi niko Mbeya, kama kilomita 100 hivi. Nikaingia kwa ssh, njia ya kuendesha seva ukiwa mbali, nikawasha ufw, ukuta wa kuzuia miunganisho ya mtandao. Ikaniuliza, kwa maandishi, kwamba amri hii inaweza kuvuruga miunganisho ya ssh iliyopo, uendelee au usiendelee? Nikabonyeza y kama mtu anayefukuza nzi. Terminali ikaendelea kufanya kazi, nikasema si mnaona, nikatoka. Kurudi sasa, mlango umefungwa. Sikuwa nimeruhusu ssh kabla ya kuwasha. Kesho yake alfajiri nimo kwenye Coaster, na hizo Coaster mnazijua, Mbalizi inasimama, Mlowo inasimama, Vwawa inasimama inasubiri abiria anayeoga, nafika Tunduma saa tano kuandika mstari mmoja na kurudi. Nauli mfukoni mwangu.

Toka siku hiyo nikigusa ukuta wa mtandao au mipangilio ya ssh ya seva ya mbali nafanya mambo matatu bila kubishana na nafsi. Napiga `sshd -t` ikague faili kabla sijaiwasha upya. Naacha dirisha la kwanza wazi na kufungua la pili kujaribu kama naingia, nikishindwa kuingia nalirudi lile la kwanza kurekebisha. Na kabla ya yote natega mtego wa kujiokoa kwa `at`, programu inayofanya amri baadaye, `echo "ufw disable" | at now + 10 minutes`, nikijifungia nje nakunywa chai dakika 10 mlango unafunguka wenyewe, nikifanikiwa naufuta kwa `atrm`. Kama `at` haipo isakinishe, ni kidogo sana. Ongeza na tmux hapo, programu inayoshikilia kazi yako kwenye seva hata ukikatika. Sisi huku umeme ukikatika rauta ya nyumbani inazimika, na kama ulikuwa katikati ya kusasisha seva bila tmux, kazi inaweza kufa katikati na ubaki na nusu ya mfumo. Ukiwa ndani ya tmux kazi inaendelea kule kule kwenye seva, umeme ukirudi unaingia unaikuta.

Mazoezi sasa. Seva ya ofisi siyo ya kujifunzia, tafuta mashine yako. Hizi kompyuta za mezani zilizotumika zimejaa mjini, haihitaji kuwa na sura, weka Debian bila madirisha yoyote, skrini nyeusi tu. Kama una laptopu yenye RAM ya kutosha weka VirtualBox, inayokupa mashine ya kuigiza ndani ya laptopu, na upige picha ya hali (snapshot) kabla ya kuharibu. Halafu haribu kweli. Kosea jina la diski kwenye mstari mmoja wa /etc/fstab, faili linaloorodhesha diski za kufungua mashine ikiwaka, uone inavyogoma kuwaka. Jifanye umesahau pasiwedi ya root, yule mkuu wa mfumo, ingia GRUB, ile menyu ya kuwashia, ongeza `init=/bin/bash` mwisho wa ule mstari wa linux, ufanye `mount -o remount,rw /` kisha ubadilishe. Hicho kitu ukikifanya mara tatu nyumbani, siku kikitokea kazini mikono haitetemeki.

Kuhusu bando, sakinisha kifurushi cha `debian-reference`, ni mwongozo mzima unakaa ndani ya mashine, unausoma hata ukiwa Makete kusiko na mtandao. Wiki ya Arch, aina nyingine ya Linux, nayo inasomeka hata kama hutumii Arch, na Kiwix, wale wa kusoma tovuti bila mtandao, wanayo ya kushusha mara moja ukasoma bila intaneti. Handbook ya FreeBSD, mfumo mwingine wa ukoo wa Unix, ni bure na imeandikwa na watu wanaokuheshimu, mimi huwa nawaambia watu waisome hata kama kazini ni Linux tupu, maana inakufundisha kipi ni Unix na kipi ni mazoea ya Linux. Na kama unapenda michezo ingia OverTheWire, ule mchezo wa Bandit, unaingia kwa ssh na kila hatua unatafuta pasiwedi ya hatua inayofuata kwa find, grep, na wenzake. Ni maandishi matupu, bando la shilingi mia tano unacheza mpaka uchoke.

Vyeti? Mimi sina ugomvi navyo. Cha RHCSA, cha kampuni ya Red Hat, mtihani wake ni wa vitendo, unakaa mbele ya mashine na unafanya, huo nauheshimu. LPIC, cheti kingine cha Linux, ni maswali ya kuchagua na kujaza, siyo mbaya, ila usiende kabla hujaharibu mashine yako mwenyewe mara kadhaa. Na hii akili mnemba mnayoitegemea siku hizi, iulizeni tu, hata mimi naiuliza, lakini amri yoyote iliyokupa, kabla hujaipesti ukiwa root, fungua man uone kila herufi inafanya nini. Imeshanipa bendera (ile herufi ya kuiongezea amri chaguo) ambayo haipo, kwa kujiamini kabisa.

Ah, na kaunta buku. Nunua kaunta buku, andika tarehe, ulichogusa, kilikuwaje kabla, umekibadilisha kuwa nini. Dogo wangu aliondoka fildi na kaunta buku imejaa hadi jalada la nyuma, na ukurasa wa kwanza kachora saa mbili, moja yetu na moja ya mashine. Sasa hivi yuko Njombe anasimamia seva tatu, juzi kanitumia ujumbe saa nne usiku, nikajua kumekucha tena, kumbe anauliza kama nina RAM ya DDR3 imekaa bure.

Ninayo. Nina na kompyuta mbili za zamani pale nyumbani, moja nzima na moja haina hadi diski. Aliyepo Mbeya anayetaka kujifunza aniambie, aje na diski yake, na koti.