Gololi za Muhogo Ndani ya Chai

Jamani, mwenzenu Novemba hii nimekunywa chai kwa kutafuna. Sisemi vitafunwa, maana mimi na vitumbua tunaelewana tangu utotoni. Nasema chai yenyewe. Unavuta mrija, kinakuja kitu kinateleza kama jicho la changu, kinagota kwenye kaakaa, unabaki unajiuliza umeze au uite watu.

Chanzo ni binti yangu. Kaja likizo kutoka Dar, siku ya pili tu ananiuliza, "Baba, hivi hapa Mikindani hamna babo tii?"

Mimi nikasikia bibo tii. Sasa mtu akuulize habari ya bibo ndani ya mkoa wa Mtwara, msimu wa korosho umepamba moto, utamjibu nini? Korosho tunazing'oa zinakwenda mnadani, mabibo yanabaki chini ya mkorosho, nzi ndio wanaokula sikukuu. Nikajisemea, mtoto kakumbuka kwao. Asubuhi nikadandia bajaji mpaka shambani, njia ya Naliendele, nikarudi na ndoo mbili. Ndoo moja nilipakata. Barabara unaijua. Suruali yangu ya kaki, ile ninayovalia vikao vya chama cha wakulima, ikapata doa la bibo hapa, mahali ambapo mtu mzima hapaswi kuwa na doa. Na doa la bibo halijui sabuni wala jiki. Nimekwenda vikao viwili nimebeba faili mbele.

Binti kaona ndoo, kacheka mpaka kakaa chini. Ndipo akanieleza. Kumbe babo tii (wenyewe wanaandika bubble tea) ni kinywaji cha Taiwan, kimeanza miaka ya 1980. Chai, maziwa au maji ya matunda, barafu, halafu chini ya glasi kuna gololi nyeusi laini za kutafuna. Kule Taiwan maduka mawili yalishtakiana kugombea nani kaanza kutia gololi kwenye chai. Kesi ikachukua miaka kumi, mwaka 2019 mahakama ikasema kinywaji hiki yeyote anaweza kutengeneza, hakuna haja ya kugombana. Miaka kumi! Si wangekuja hapa barazani, wazee wangewamaliza kabla ya adhuhuri, na kahawa wangelipa wao.

"Na hizo gololi wanatengeneza kwa nini?" nikamuuliza.

"Wanga wa muhogo, baba."

Nikanyamaza. Nikamwomba arudie. Muhogo! Mimi niliyelelewa kwa makopa, niliyekuwa nikifika shule wenzangu wananusa daftari langu na kusema huyu jana kala ugali mweusi. Leo muhogo huohuo umekwenda ughaibuni, umerudi mviringo, binti yangu anaununua Dar shilingi 12,000 glasi moja kwa fedha ninayomtumia ya nauli. Nikasema hapana. Mihogo ipo nyuma ya nyumba. Mabibo ndoo mbili. Chai ipo. Tutatengeneza wenyewe.

Hapo ndipo nilipojiloga.

Nimesema kujiloga, na majirani wanaamini hivyo, maana nilianza kuzunguka mtaani kuuliza, "Nani ana wanga?" Nilipiga hodi nyumba tatu. Ya kwanza wakacheka. Ya pili wakaniambia nisubiri usiku. Ya tatu mama mmoja akafunga dirisha, nikamsikia anasoma dua. Nikarudi na unga wa muhogo wa dukani, nikidhani unga na wanga ni ndugu. Ni ndugu, ila wa baba mbalimbali. Unga una nyuzinyuzi zake zote. Tukakanda, tukaviringa, tukachemsha, tukapata ugali uliovunjika moyo.

Mama yangu mzazi muda wote yuko mkekani, anatutazama kama anavyotazama taarifa ya habari. Mwishowe akasema, "Nyie watoto, hamkuwahi kutiwa wanga kwenye kaptula?" Nikakumbuka! Kaptula zangu za shule zilikuwa zinasimama zenyewe. Basi akashika usukani. Mihogo ikamenywa, ikakunwa kwa bati la kopo lililotobolewa kwa misumari (na vidole vyangu viwili vikakunwa humohumo, lakini nani anajali). Ikatiwa maji, ikakamuliwa kwenye kifumbu cha tui, yale maji meupe yakaachwa kwenye beseni. Baada ya saa mbili tatu ukimwaga maji ya juu taratibu, chini unakuta wanga umelala, mweupe, umekaza kama sakafu ya msikiti. Tukauanika kwenye ungo siku nzima, na mimi nikapewa fimbo ya kufukuza kuku. Mtu mwenye wajukuu.

Kukanda ndiko nilikokutana na maajabu. Binti alisema maji yawe yanatokota kabisa, yameyeyushiwa sukari guru, ndiyo yamwagwe kwenye wanga. Mimi kwa kuogopa kuungua nikayapoza kidogo. Aisee! Kile kitu ukikipiga ngumi ni jiwe. Ukikifumbata ni donge. Ukifungua kiganja tu, kinatiririka kati ya vidole kinarudi kwenye bakuli kama hakikujui. Nina wadeni wangu watatu wa tabia hiyo. Nilikaa robo saa nakipiga na kukiachia, nakipiga na kukiachia, mpaka mke wangu akaniuliza kama nimekula kitu shambani.

Ya pili tukatia maji yanayorukaruka. Ikashikana vizuri, ikawa kama kinamu cha watoto. Tukakata nyuzi, tukakata vipande, tukaviringa kimoja kimoja saizi ya punje ya choroko iliyonenepa. Ukitaka kujua umri wa mgongo wako, viringa gololi mia tatu. Halafu zikachemshwa kama dakika ishirini, zikielea unazifunika zitulie, kisha unazitumbukiza kwenye shira. Mkaa ukaisha katikati. Gesi inachimbwa Mnazi Bay, hapa na hapa, bomba limeipeleka Dar tangu 2015, na mimi mwenye pwani yake nimechuchumaa napepea jiko kwa mfuniko wa ndoo. Tuyaache hayo, nisije nikaonekana na faili langu mbele nikaulizwa maswali.

Yakaja mabibo. Bibo ni tamu, ila lina ukakasi, linakukaba koo kama limekukuta na deni. Na chai ya rangi nayo ina ukakasi wake. Ukiwakutanisha hao wawili, ulimi unakuwa zulia. Mama akachota ule wanga uliobaki, akapika uji mwembamba, ukipoa akaumimina kwenye maji ya mabibo na kuacha. Nilidhani kaharibu. Kumbe ule ukakasi unashikamana na wanga, unazama nao chini kama mashapo, juu yanabaki maji ya rangi ya asali ambayo hata koo la mtoto halilalamiki. Huyu ni mwanamke ambaye juzi nilimfundisha kuwasha simu.

Mimi nikaona jambo limekwisha, nikamimina maziwa. Hakuna aliyeniambia nimimine. Maziwa yakakatika palepale, vipande huku, maji kule, glasi ikawa kama bahari ya Mikindani maji yakitoka. Binti akasema kwa upole ule unaoumiza, "Baba, ya matunda haitiwi maziwa." Sasa si ungesema mapema? Uliposema maziwa *au* matunda, mimi masikio yangu yalisikia *na*. Masikio haya ndiyo yaliyosikia bibo.

Tukaanza upya, chai ya rangi iliyopoa, maji ya mabibo, barafu ya kununua maana umeme nao ulikuwa umekwenda matembezi. Ikabaki mrija. Mirija ya dukani ni ya soda, gololi haipiti hata uisukume kwa sala. Inatakiwa mrija mnene unaotosha kidole. Nikazunguka soko zima mpaka kijana mmoja akaniuzia kipande cha bomba la kumwagilia, mita moja. Mke wangu akalitupa. Nikatoka nje, nikaangalia juu, nikaona mpapai. Bua la jani la mpapai lina tundu safi, tulikuwa tukipulizia povu utotoni! Nikakata matano, nikayaosha utomvu, nikayaloweka. Hapo nilijiona bingwa wa dunia kwa muda wa dakika nne.

Kuvuta kwa kwanza, chai ikaja, tamu, baridi, ina harufu ya shamba asubuhi. Nikatabasamu. Kuvuta kwa pili, ladha ya utomvu. Kuvuta kwa tatu gololi ikakwama kwenye kifundo cha bua, nikavuta kwa nguvu zote nilizobakiwa nazo katika uzee huu, ikatoka kama risasi ikapita moja kwa moja bila kuaga ulimi. Nilikohoa mpaka bajaji ikasimama ikidhani naiita. Mama, mwenye meno manne, akachukua kijiko, akala gololi zake zote kimya kimya, akaomba za kwangu. Akasema zinamkumbusha kitu, hakusema nini.

Zilibaki kama bakuli moja. Binti akaonya ziliwe siku ileile, zikilala zinakaza. Nani anasikiliza? Umeme uliporudi nikaziweka kwenye friji. Kesho yake zimekuwa gololi za kweli. Nimeangusha moja sakafuni, imedunda.

Mtu haachi kitu alichokivunjia mgongo. Bao letu pale barazani lilikuwa na upungufu wa kete tisa, komwe zake zimepotea tangu Ramadhani. Nikapeleka tisa, nikazifuta sukari, zikatimia sitini na nne. Tukacheza vizuri tu, mimi na mzee mmoja jirani ambaye ni baba mkubwa wa mtaa mzima, naye kila mara ananiambia, "Nimekula!" Nikaona mchezo wangu unayumba, mashimo yananidanganya. Bao halipotezi kete. Ukila za mwenzio unazisambaza upande wako, hesabu ni ileile. Nikazihesabu zote. Hamsini na tisa.

"Shikamoo baba mkubwa, samahani," nikamwambia, "kete tano ziko wapi?"

Akahamisha kitu kutoka shavu la kulia kwenda la kushoto.

"Si nilikwambia nimekula?"